Kamba Iliyoharibu Picha

Jumatano asubuhi, mwaka wa sabini na sita, Muthoki alikuwa akiosha picha katika studio ya Gicheru pale Salama, chai yake ikipoa juu ya kreti ya soda. Filamu ilikuwa ya wazungu waliopanda jabali lililo juu ya Mbumbuni wakiongozwa na Gicheru. Picha ya nane ilipotoka kwenye dawa, ilimwonyesha kaka yake Ndululu, aliyewabebea mizigo, amesimama ukingoni akifungua kamba kiunoni. Pembeni ulitokeza mkono wenye saa iliyofungwa kwa uzi wa kiatu. Mkono huo ulikuwa ukiivuta kamba.

Ndululu alikuwa amekufa Jumatatu kwa kuanguka kutoka jabali hilo. Gicheru alimwambia chifu kwamba marehemu alikuwa amelewa uki, pombe ya asali, chifu akaandika, na pasta aliposoma akasema kanisa halimwombei mlevi. Ndululu alikuwa ameokoka miaka minane. Hata asali hakuionja, kwa kuwa ndiyo itumikayo kupika uki.

Muthoki aliianika picha. Kufikia saa sita, mle pichani, Ndululu alikuwa ameliacha jabali. Muthoki alipima kwa njiti ya kiberiti: kutoka miguuni pake hadi mwisho wa karatasi zilikuwa njiti tatu. Alhamisi asubuhi zilikuwa mbili. Maziko yalikuwa Jumamosi.

Gicheru aliingia, akainama kutazama.

"Anaanguka," akasema.

"Naona. Mzee, ni wewe ulimwambia afungue kamba?"

"Kamba ilikuwa inaharibu picha. Wazungu wanataka mtu na mawingu, Muthoki, si mtu amefungwa kama mbuzi wa sokoni."

"Basi kamwambie chifu hivyo."

Gicheru alifuta miwani yake kwa shati. "Chifu ashaandika."

Ijumaa Muthoki alipanda lori la makaa hadi Mbumbuni, picha ameifunika kwa leso isije ikapigwa na upepo. Chifu aliipeleka dirishani.

"Huyu ni Ndululu. Na hii ni saa ya Gicheru, hakuna mwingine ana mkanda kama huu."

"Ndiyo, Chifu."

"Amebakiza kiasi gani kufika mwisho?"

"Njiti moja kasorobo."

Chifu aliigeuza picha kichwa chini. Ndululu hakubadilisha njia. Alianguka kuelekea dari, kwenye ukingo ule ule wa karatasi.

"Nakuamini, mwanangu," chifu akasema, akimrudishia. "Lakini mhuri ushapigwa."

Pasta naye aliitazama, akamsalimu Ndululu kwa jina, akasema kanisa hufuata karatasi ya chifu.

Jumamosi walimzika bila wimbo. Akina mama wa kwaya walikaa nje ya ua wakiwa wamefunga midomo. Wanaume walipokuwa wakirudishia udongo, Muthoki, picha mkononi, aliona visigino vya Ndululu vimegusa mwisho wa karatasi. Hakulia. Aliingia jikoni, akakoroga gundi ya unga wa ngano, akabandika kipande cha karatasi nyeupe chini ya picha. Ndululu alivuka kiungo bila kusita, akaendelea.

Jumatatu alirudi kazini. Kila asubuhi aliongeza kipande kimoja, na zilipomwishia karatasi, Gicheru alimletea nyingine mwenyewe. Kufikia Krismasi picha ilikuwa imeteremka ukutani mwa studio hadi sakafuni na kushika njia ya mlango. Gicheru, akipita, aliinua mguu asimkanyage.

"Pole, Ndululu," alisema.

Ile karatasi ya chifu haikuongezwa hata mstari.