Rufaa ya Jiko la Stamenka

Miaka kumi na tisa sasa napika kahawa katika mahakama ya mji wetu mdogo, kando ya mto Morava. Nikiingia na sinia hakuna anayenyamaza, maana kwao mimi na kabati la mafaili ni mamoja. Basi haya yote niliyasikia kwa masikio yangu.

Hakimu Tihomir aliamuru jiko la nje la Stamenka libomolewe, eti moshi unamkera jirani. Jiko lenyewe alilijenga marehemu mumewe. Kila Septemba Stamenka huchoma humo pilipili hoho nyekundu, akazimenya, akazipika ajvar, rojo zito la kupaka mkate, na chupa anazouza ndizo zinazomvusha baridi yote. Ukilibomoa lile, mjane yule hana tena pa kushika.

Siku ya kumi na tano tangu hukumu, ya mwisho ya kukata rufaa, akaja na karatasi zake mbili. Kisheria karani ana kazi moja: apokee, agonge muhuri wa tarehe, apeleke juu. Mtoto wa chekechea angeiweza. Lakini karani wetu Radisav akavaa miwani, akaanza kusoma!

"Mama Stamenka, hii hapana. Umelialia tu. Hoja iko wapi humu?"

"Wewe gonga muhuri, mwanangu. Kusoma watasoma huko juu."

"Leo unanifundisha kazi?"

Akaibeba mpaka kwa Hakimu, nami nyuma yake na kahawa mbili. Jamani! Aliyetoa hukumu ndiye anayeulizwa kama hukumu yake ilalamikiwe! Tihomir akapekua, akacheka.

"Huyu hana lolote. Mrudishie."

"Nimwambie tu kwa mdomo, Mheshimiwa?"

"Kwa mdomo? Kwani sisi wahuni? Andika."

Radisav akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: *Sioni sababu. Irudishwe.* Akagonga muhuri wa mahakama, tarehe juu yake, akatia sahihi. Hakimu naye akatia yake chini. Nusura nimwage kahawa kwa kicheko.

Stamenka alitoka akilia. Nikamkuta kwenye ngazi.

"Dada, nyamaza kwanza uangalie hapa. Tarehe hii ya lini?"

"Ya leo."

"Na muhuri wa nani?"

Akafuta machozi. "Wa kwao."

"Basi wameshakupokelea, majuha wale! Kimbia posta, uitume kwa rejista mahakama ya juu, sasa hivi."

Jibu lilikuja Februari, limetiwa sahihi na majaji watatu. Rufaa ilifika kwa wakati, muhuri wa mahakama yenyewe ni shahidi. Karani hana mamlaka ya kuipima rufaa, wala hakimu hana mamlaka ya kuizuia inayomlalamikia yeye. Na moshi hakuna aliyewahi kwenda kuutazama, kwa hiyo jiko libaki. Radisav alilisoma mara tatu, kahawa yake ikapoa.

Septemba harufu ya pilipili za kuchoma ikapenya mpaka chumba cha mashauri. Hakimu alivumilia siku mbili, ya tatu akaniita.

"Živana, wewe na Stamenka mnaelewana. Niombee chupa mbili tu, za zile kali."

"Aa, Mheshimiwa, kwa mdomo? Kwani sisi wahuni? Andika."

Akaandika, kwa adabu kabisa. Nikampelekea Stamenka, naye akavaa miwani, akasoma polepole mpaka mwisho, akaniomba kalamu. Nilikuwa nimekuja na ile nyekundu ya Radisav.

Asubuhi nikamwekea Hakimu karatasi yake kwenye sinia, kando ya kahawa. *Sioni sababu. Irudishwe.*