Gitaa la Kumkomoa Aidarus

Hebu niambieni, baba gani humpeleka mwanawe dukani akamnunulie kitu kibovu kwa makusudi? Abdulhalim wa Kibokoni ndiye! Mpiga udi huyo, asiyekosekana kwenye harusi za mji, alikwenda Makadara asubuhi na mwanawe Aidarus, uso umekunjuka kama mtu mwenye nia njema. Nia gani! Tangu muziki wa gitaa kavu uushike mji, na kijana aanze kazi bandarini, hakuugusa tena udi. Ulining'inia tu ukutani, na kila Abdulhalim alipoutazama moyo ulimuuma. Akifa yeye, utabaki na nani? Na sasa kijana alikuwa akililia gitaa. Mtoto akililia wembe, mpe. Basi angempa gitaa rahisi lenye kuuma vidole, na kabla ya mwezi kuandama kijana angelitupa mvunguni arudi kwa baba yake.

Duka la Kitsao lilikuwa chumba kimoja kilichojaa redio kuukuu na cherehani za watu waliohama. Magitaa yalikuwa mawili tu. Moja jekundu, linang'aa, limepambwa vipande vya kombe za baharini. La pili la rangi ya kahawia, limekwaruzika vibaya.

"Sabalkheri, Maalim," Kitsao alimwamkia. "Magitaa haya bei ni moja."

Abdulhalim akalishika jekundu, akafumba jicho moja na kuitazama shingo. Imepinda! Nyuzi zimenyanyuka mbali na ubao, kuzibonyeza ni kama kubonyeza waya wa ua. Alhamdulillahi, akasema moyoni, ndilo hili.

"Zuri," akasema kwa sauti. "La anayeanza hasa."

Kitsao akakohoa, akatazama pembeni.

Angelipa akaenda zake, mambo yakaisha. Lakini udadisi, jamani! Vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo vilimwasha macho. Udi hauna vitu hivyo. Kidole husimama popote kipendapo. Akalichukua lile la kahawia, akaitafuta sauti anayoipenda, ile ikaayo katikati ya sauti mbili. Hamna. Akasogeza kidole, sauti ikaruka.

"Lo! Imekwenda wapi?"

Akausukuma uzi pembeni. Sauti ikapanda polepole, ikilalama, mpaka ikafika pale pale alipoitaka.

"Ehee! Kumbe imo humo!" Akacheka, akarudia, akausahau hata ubaya aliokuja nao. Shingo ilikuwa imenyooka na nyuzi laini. Akamgeukia mwanawe. "Haya, ukilipata utapiga nini? Makelele ya redioni?"

Aidarus alijikuna kichwa. "Nyimbo zako, Baba."

"Zangu? Zangu zina udi wake, uko ukutani!"

"Kwenye udi nikikosea kidogo tu wanikaripia. Kidole hakijafika, wewe ushaguna, ushanipokonya. Gitaa hulijui. Nikasema, hapa n'taupiga wimbo mpaka mwisho, usijue nilipokosea."

Abdulhalim alijaribu kukumbuka siku moja, moja tu, aliyomwacha huyu mtoto amalize wimbo bila kumkatiza. Hakuipata. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Aidarus alikuwa amekwisha kulikumbatia lile jekundu. "Basi ndilo hili, Baba? Umesema zuri."

"Liweke chini, hilo bovu. Shingo imepinda, litakutoa damu."

"Umejua saa hii?"

"Nilijua tangu nilipolishika." Akainamisha uso. "Nilitaka likushinde, mwanangu. Nilitaka urudi."

Kijana akaliweka chini lile jekundu. Kitsao alijishughulisha na redio isiyokuwa na haja ya kushughulikiwa. Mwisho Abdulhalim akamnyooshea lile la kahawia.

"Piga."

Aidarus akaketi juu ya sanduku, akaanza kuutafuta wimbo wa baba yake kwa uzi mmoja, taratibu. Alikosea pale pale mwanzoni. Abdulhalim alisikia; wallahi, masikio yale hata chawa akikohoa yatasikia! Akauma ulimi. Kijana akakosea tena, tena pabaya, na mkono wa baba ukainuka wenyewe. Akaukamata kwa mkono wa pili, akaubana mapajani mpaka wimbo ukaisha.

"Nimekosea wapi?" Aidarus akauliza.

"Mimi n'tajuaje?" Abdulhalim akajibu, macho yamelowa. "Chombo chenyewe sikijui."