Aliyelikumbatia Gurudumu

Mizinga ilikuwa imekwisha kutoka langoni mwa kambi, farasi wakipiga chafya kwa vumbi, Golandam alipomfikia mumewe na kushika hatamu yake mbele ya kikosi kizima.

"Safdar, Ne'mat yuko juu ya paa la msikiti, ubavuni mwa bunge. Ana bunduki. Usinirudie na damu ya kaka yangu mikononi."

"Achia, mke wangu, watu wanatutazama."

"Si wana macho? Watazame!"

Safdar alikuwa mkuu wa mzinga wa pili katika kikosi cha Makozaki. Askari wake walikuwa watu wa kwetu tu, wamevishwa kofia za Kirusi na kuamrishwa na maofisa wa Kirusi. Shah, mfalme wetu, alikuwa amelichoka bunge lililomfunga mikono, na Warusi walikubali kumsaidia kulibomoa. Safdar alikula mshahara wa kikosi hicho, hakuwa na pa kutokea. Akainama juu ya shingo ya farasi.

"Mpelekee habari. Mwambie mambo yakichacha akimbilie mzinga wangu, alikumbatie gurudumu. Hapo hakuna wa kumgusa."

Golandam akaachia hatamu, akakimbilia msikitini. Neno hilo lilimtosha. Kwetu aliyeshika mzinga wa Shah ni sawa na aliyeingia kwenye kaburi la mtakatifu. Wauaji wamewahi kulala chini ya mizinga, ndugu wakiwaletea chai na mkate, na wenye kisasi wakawapita hivi hivi wakitafuna masharubu.

Uwanjani mbele ya bunge haikujulikana nani alianza. Risasi zilimwagika kutoka mapaani, farasi wakaanguka na minyororo yao, mmoja akikanyaga matumbo yake mwenyewe. Kijana aliyeshika kombora alikatwa taya, akabaki amesimama na kombora lake kana kwamba anasubiri kuambiwa aliweke wapi.

"Lala chini, bwege!" alifoka Morad, mzee aliyeshindilia makombora katika mzinga wa Safdar. Kijana akalala, hakuamka.

Kapteni Zubrov, ofisa wao wa Kirusi, peke yake alitembea wima, ndevu nyekundu, koti jeupe, kama mtu aliye bustanini kwake. Hakuna risasi iliyomkaribia.

"Huyu ana hirizi," alisema Morad.

Safdar akalenga ukuta wa bunge, mbali na msikiti. Mzinga wa jirani haukuwa na shemeji: kombora lake likang'oa pembe ya paa, watu wakaporomoka pamoja na matofali. Ndani ya vumbi lile akatokea Ne'mat akikimbia bila bunduki, sikio likining'inia kwa ngozi. Kozaki mmoja alimfukuza kwa farasi, upanga juu. Ne'mat akajitupa, akalikumbatia gurudumu. Mwenye upanga akavuta hatamu, akatema mate, akageuza farasi.

"Umeona?" Safdar alisema, machozi yakimtoka. "Kaa hapo hapo."

"Shemeji, yule mwenye ndevu nyekundu nilikuwa naye shabahani mara tatu!"

"Sasa mbona hukumpiga?"

"Wakubwa wamekataza. Akifa Mrusi mmoja, jeshi lao lote linavuka mpaka."

"Na sisi tukifa?"

"Sisi tuko wengi," alisema Ne'mat, akajaribu kucheka.

Zubrov akaja kwa hatua ndefu. "Mzinga huu kimya kwa nini?"

"Kuna mtu kwenye hifadhi, bwana kapteni."

"Mimi naona adui. Ondoa."

Hakuna aliyesogea. Morad akaketi juu ya sanduku la makombora. "Bwana, huyo hata Shah mwenyewe hamng'oi."

Zubrov aliwatazama mmoja mmoja, akadhani wanamfanyia mzaha. Akamsukuma Safdar, akaishika kamba ya kufyatulia, akaivuta mwenyewe.

Mzinga ukaruka nyuma. Gurudumu likampanda Ne'mat kifuani, mbavu zikalia kama kuni kavu. Alikuwa bado amelikumbatia.

"Shemeji," alisema, damu ikimjaa mdomoni, "si ulisema..."

Safdar akaokota mti wa kushindilia, akamtandika Zubrov usoni. Akamtandika tena bega likavunjika, na tena akiwa chini, mpaka Makozaki wenzake walipomvamia. Morad alijifanya anasaidia kumkamata, akamsukuma kichochoroni. "Potea, mpumbavu wewe!"

Bunge lilikuwa kifusi kabla ya adhuhuri. Zubrov alipona, taya likakaa upande, na mfalme wake akamtunuku nishani. Morad alichapwa viboko vya nyayo, akarudishwa kazini akichechemea. Safdar alifika mji wa Tabriz, akawafundisha waasi kulenga mizinga, akafa kwa homa ya matumbo. Mwaka uliofuata Shah naye aling'olewa, akakimbilia ubalozi wa Warusi. Golandam mwenyewe alimwosha kaka yake kwa sababu waosha maiti walikuwa wamejificha. Mjumbe aliyetumwa na Safdar alipobisha, Golandam hakumfungulia mlango. Baadaye aliolewa na mchambua pamba huko Qom, akazaa mabinti wawili. Mzinga ulioshwa kwa maji ya mfereji, ukarudishwa kambini.