Lesi Iliyoogopa Maji ya Baraka

"Nguo gani inaogopa maji ya baraka? Nijibu, Bi Shufaa, na hawa wote wasikie!"

"Teremsha sauti, Mama Anonciata. Nani alikutuma uitoe kwenye cherehani yangu?"

"Shela la mwanangu, niombe ruhusa?"

Na Nkwenda nayo, senta yetu ya kahawa, unaijua. Haina sinema, ina majirani. Wanunuzi wa kahawa waliacha mizani, wageni wa gesti wakatoka na miswaki mdomoni. Nyirabahire, huyo Mama Anonciata, alikuwa ameinua juu kitu kinachonata kama mlenda, nyuzi nyeupe zikining'inia, vijiua vikidondoka kimoja kimoja kwenye vumbi.

Wanawake hawa walikuwa wamechangia ukuta mmoja tangu vita vya Amini. Idi, pilau ya Shufaa ilivuka ukuta. Krismasi, ndizi za Nyirabahire zikarudisha sahani. Anonciata mwenyewe alijifunza kutembea kwa kushikilia miguu ya cherehani ile. Ndiyo maana alipochumbiwa, Shufaa aliapa kumpambia shela lake kwa lesi ambayo Karagwe nzima haijaiona: haishonwi juu ya kitambaa, inasimama yenyewe kama utando wa buibui.

Akawa anadarizi maua kwenye karatasi nyembamba ya nailoni, aliyoletewa na kaka yake Shaaban kutoka Kampala. Itasimamaje bila kitambaa? Alipoulizwa alicheka tu. "Utaona siku yenyewe."

Sasa, kwao Nyirabahire vitu vya bibi harusi haviingii ndani kabla ya kunyunyiziwa maji ya baraka, Jumapili ya tangazo la mwisho la ndoa. Jumapili hiyo Shufaa alikuwa msibani kijiji cha Kamuli. Nyirabahire akaingia barazani kama alivyozoea, akaibeba lesi pamoja na duara la mbao lililoikaza, mbio kanisani. Padri hakuwa mchoyo wa maji. Kabla watu hawajamaliza kusema "Amina", nailoni ilikuwa inatoweka mikononi mwa Nyirabahire. Usiku kucha hakulala, na Jumatatu asubuhi akaja kupiga kelele.

"Kitu kisichoweza kukaa mbele ya Mungu," alimalizia, "umekitoa wapi?"

Palepale mwanamke mmoja akajishika mdomo. "Kitenge changu kimo humo ndani!" Akaingia, akakichukua hata hakijapindwa. Mwingine akamfuata.

Shufaa aliwatazama wakiondoka. Kisha akasema taratibu, "Lete maji. Ya dumu lako mwenyewe, usije ukasema nimeyasomea."

Maji yakaletwa kwenye bakuli. Shufaa akatoa kipande cha majaribio, ua moja juu ya nailoni, akakitumbukiza. Nailoni ikayeyuka kama sukari. Ua likabaki kiganjani, zima, kila uzi umeshika mwenzake.

"Imetengenezwa iyeyuke. Unadarizi, nyuzi zikishashikana unaiosha, yenyewe inakwenda, lesi inabaki. Yako nilikuwa nimemaliza maua tu. Nyuzi za kuyaunganisha nilikuwa nazianza leo."

Nyirabahire akaishusha lesi yake. "Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ushangae."

Watu wakacheka, wakatawanyika. Nailoni nyingine haikuwepo, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Mchana kutwa Nyirabahire alifukuzia maneno yake mwenyewe. Aliwapata wenye vitenge, akawaeleza, wakasema watarudi, macho yakitazama pembeni. Kwenye njia ya kwenda Kibingo alikutana na Auleria, muuza maharage, na Auleria ndiye aliyemsimulia yeye habari: eti nguo ya Shufaa iliruka altareni ikatokea dirishani!

"Uongo, Auleria. Mimi ndiye niliyeishika. Ni nailoni ya kuyeyuka tu."

"Aaa," Auleria akasema, uso umemshuka. "Nailoni tu?" Akajitwika kapu lake, na Nyirabahire akajua kwamba mbele ya safari nguo itaendelea kuruka. Umbea una baiskeli, ukweli unatembea pekupeku.

Jua likielekea kuzama alirudi. Shufaa alikuwa barazani peke yake. Saa zile baraza hilo hujaa wanawake na vicheko. Leo mabenchi yalikuwa matupu. Mapajani alikuwa na kitambaa cha wavu cha shela, na yale maua machache yaliyopona alikuwa akiyashona kwa mkono, moja moja.

"Lesi haitasimama yenyewe tena," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini bi harusi hatakwenda kichwa wazi."

Nyirabahire alitaka kusema nisamehe. Miaka yote aliingia nyumba ile bila hodi. Leo miguu ilikataa kuvuka kizingiti. Akainama, akaokota ua lililosahaulika kwenye vumbi, akalipuliza, akalinyoosha mkononi.

Shufaa alilipokea, akalitazama, akalichoma sindano pamoja na yale mengine. Kisha akakunja kazi yake, akainuka.

"Utasimama hapo nje mpaka lini kama mdai kodi? Ndizi zimeiva, na nimepika za wengi, sijui nani atazila. Ingia tule, Mama Anonciata."