Mikono Mia Moja na Minne

Madawati yalikuwa ishirini na matatu, watoto mia moja na wanne. Waliokosa nafasi walikaa sakafuni, magoti yamegusana, daftari juu ya magoti. Ilikuwa wiki ya tatu tangu shule zifunguliwe, na Mwalimu Mwanasiti alikuwa bado amesimama pale pale alipoanzia, mgongo ubaoni, akiwafundisha watoto wa darasa la kwanza kuandika kwa mdomo.

"Tunazunguka, tunafunga, tunashusha mukia," alisema, akichora herufi *a* kubwa kwa chaki.

"Tunashusha mukia!" waliitikia wote, hadi mabati yakalia.

Halafu penseli zikaanza kazi na kila mmoja akachora la kwake: mayai, ndoano, mchwa waliokanyagwa.

Kuandika hakufundishwi kwa mdomo. Yeyote aliyewahi kushika darasa la kwanza analijua hilo, isipokuwa wale wanaotunga maagizo. Mwalimu huinama nyuma ya mtoto, akaifunika ngumi yake ndogo kwa kiganja, akaivuta polepole, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi, mpaka siku moja anasikia ngumi inakwenda yenyewe na yeye anaifuata tu. Miaka kumi na saba Mwanasiti alikuwa akifanya hivyo hapa Bwiza. Vijana wengi wanaotengeneza pikipiki na kuuza simu katika mtaa huu, herufi zao za kwanza zilipita mkononi mwake. Mwaka huu hakuwa amemshika mtoto hata mmoja, na aliona haya kama mtu anayekula mshahara wa wizi.

Lakini aliogopa. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mbili zilizotangulia zilikuwa zimetoka, moja katika mwezi wa nne, nyingine katika mwezi wa sita, siku chache baada ya mumewe Anouar kununua kitanda cha mtoto. Mpox ilikuwa imeingia Bujumbura wakati wa likizo. Katika zahanati muuguzi alimwambia wazi, bila kumzungusha: "Mama, huu ugonjwa unaenda kwa kugusana. Ukimushika mwenye mimba, mutoto anaweza kufia ndani. Usiguse mutu mwenye mapele." Akamwandikia barua yenye muhuri.

Barua hiyo Mwanasiti aliipeleka kwa mkuu wa shule, Bwana Jovithe, wiki ya kwanza tu. Mkuu aliisoma akiwa ameiacha mezani, mikono magotini.

"Madame Mwanasiti, mimba si ugonjwa."

"Ndiyo, Bwana Direkteri. Ila ugonjwa uko. Mi naomba munipeleke darasa la sita. Kule watoto wanajua kuandika, mwalimu anasimama mbele tu."

"Na la kwanza la asubui nimupe nani? Epiphanie wa zamu ya mchana, na ugonjwa wake wa sukari? We unajua kama akuna mwalimu mwenye anataka la kwanza."

"Basi mutoto mwenye mapele arudishwe nyumbani. Hiyo tu. Ata mpaka apone."

Bwana Jovithe akainuka akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shati moja jeupe la kupokea wageni, na alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

"Sikiliza, mama. Nikirudisha mumoja, wanaandika kesi moja ya mpox. Wakiandika kesi, gari ya wagonjwa inakuja, wazazi wanaona gari, kesho watoto wanabaki nyumbani, na wakubwa wananiuliza mi: Jovithe, kwa nini shule yako peke yake? Hapa akuna kesi. Umenielewa? Ile mapele ni joto."

"Mi sijasema kama kuna kesi."

"Vizuri. Mimba ni ya kwako, Mungu akusaidie. Darasa ni ya serikali."

Kisha akamwambia kwamba inspekta atakuja Alhamisi ya wiki ya tatu, kukagua madarasa ya kwanza. Mwalimu atakayepata alama mbaya ataondolewa kwenye orodha, jina la mwingine litaingia. Wenye diploma wanaosubiri kazi wamejaa mjini. Hakulisema kwa kutisha. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mwanasiti akarudisha barua mkobani. Mnyonge hana haki, hata akiwa na muhuri. Bila kazi hii hakuna kadi ya matibabu, na bila kadi hakuna kuzaa hospitalini kwa kupasuliwa, na daktari alikwisha kusema kwamba safari hii lazima apasuliwe. Anouar alikuwa fundi wa magari, na tangu mafuta yaadimike magari yenyewe yalikuwa yamelala. Kwa hiyo akishika mikono ya watoto, mimba iko hatarini, na asipoishika, mimba iko hatarini. Aliizungusha hesabu hiyo kichwani wiki nzima na haikutoka jibu jingine.

Jumatano, kesho yake inspekta akitarajiwa, Chanelle alikuja amefungwa kitambaa mkononi.

Chanelle alikuwa na miaka sita, mdogo kuliko umri wake, na katika darasa lote ndiye aliyekuwa na hamu zaidi ya kuandika. Mama yake, Mawazo, aliuza dagaa sokoni na kwa kawaida alimwacha mtoto kwenye geti akakimbia. Siku hiyo alimleta mpaka mlangoni.

"Amejiunguza?" Mwanasiti aliuliza, akiwa hatua tatu mbali.

"Apana, madame. Ni joto tu."

"Funua nione."

Mawazo akafunua. Vipele vilikuwa vinane au tisa, kiganjani na kwenye vidole, vya mviringo, vigumu, vyenye kitone katikati. Kimoja kilikuwa kimepasuka. Mtoto alikuwa na homa, ilionekana machoni.

"Mawazo, dada yangu, mupeleke hospitali. Leo. Hii si joto, na we unajua."

"Najua," Mawazo alisema, sauti chini. "Nikimupeleka watatufungia wote wawili wiki tatu. Na wale watatu wengine nani atawapa chakula? Baba yao hayuko. Nyumbani ni chumba kimoja, na kuna wa kunyonya. Ndiyo maana nimemuleta huku, asimuambukize mudogo wake."

"Na hawa wangu?"

Mawazo alitazama madawati, vichwa vimepangana kama nyanya kwenye kapu. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega.

"Unisamehe, madame. Mi sina pengine pa kumuweka."

Akaenda zake sokoni. Mwanasiti alimkasirikia kwa muda wa kama dakika moja, kisha hasira ikakosa pa kukaa. Alimweka Chanelle nyuma kabisa, karibu na dirisha, peke yake kwenye mkeka aliotoa nyumbani. Alipomwambia mkuu, mkuu aliuliza tu kama kitambaa ni kisafi.

Inspekta Népomuscène alifika Alhamisi saa nne badala ya saa mbili, kwa sababu gari lake lilikuwa limelala kwenye foleni ya mafuta. Alivaa barakoa ya buluu, na mfukoni alikuwa na kichupa cha dawa ya mikono ambacho alikitumia mara mbili kabla hajaketi. Alitaka kukaa nyuma, penye hewa. Bwana Jovithe akaona mkeka, akaona mtoto aliyetengwa, akashtuka.

"Huyu anafanya nini peke yake huku nyuma? Inuka, mutoto, nenda mbele. Mumusogezee nafasi." Na Chanelle akasukumwa kwenye dawati la kwanza, katikati ya wenzake wanne, kitambaa kimemteleza.

Mwanasiti alifundisha. Tunazunguka, tunafunga, tunashusha mukia. Inspekta alisikiliza akiandika. Baada ya robo saa akaomba kuona madaftari. Hakuyagusa, mkuu ndiye aliyeyafunua moja baada ya jingine mbele ya macho yake.

"Madame," inspekta alisema, "wiki ya tatu hii. Hawa watoto awajui kuandika."

"Ndiyo, Bwana Inspekteri. Ni sababu ya ugonjwa. Walisema tusiguse—"

"Waliwaambia muchukue tahadhari. Awakuwaambia musifundishe." Aliigonga karatasi yake kwa kalamu. "Hapa kuna sehemu inasema: mwalimu anaongoza mukono wa mwanafunzi. Alama kumi na tano. Niandike sufuri?"

Watoto huwa wanajua mtu mzima anapoonewa; hata kukohoa waliacha.

"Mi niko na mimba, bwana."

"Hongera. Mke wangu pia alifundisha na mimba, mara tano. Tuonyeshe. Anza na huyu wa mbele, mwenye amenyoosha mukono."

Aliyenyoosha mkono alikuwa Chanelle. Alikuwa akisubiri wiki tatu kushikwa.

Mwanasiti alimwangalia mkuu. Mkuu aliangalia dirisha. Kiganja cha mtoto kilikuwa wazi, na kutoka alipokaa inspekta kilionekana kama kiganja chochote.

"Bwana Direkteri," Mwanasiti alisema, "huyu tumuache. Nianze na mwingine."

"Fanya vile inspekteri anasema, mama," alijibu mkuu, macho yake bado dirishani.

Akainama. Akaifunika ngumi ya Chanelle. Ilikuwa ya moto, na chini ya vidole vyake alivisikia vipele kimoja kimoja, na unyevu wa kile kilichopasuka. Wakazunguka, wakafunga, wakashusha mkia. Herufi ilitoka nzuri. Chanelle aliitazama kwa muda mrefu, akacheka kwa sauti.

"Nimeandika!"

Hapo darasa zima likafumuka. "Na mi, madame! Na mi!" Mikono ikanyooshwa kila upande. Mwanasiti alisimama, mkono wake wa kulia ameutenga na mwili.

"Naomba ninawe kwanza."

Pipa la kunawia lilikuwa mlangoni, lenye bomba na maandishi mazuri ya wafadhili. Halikuwa na maji tangu Ijumaa iliyopita. Inspekta alitia mkono mfukoni, kwenye kichupa chake, akakitikisa, akasikia kilichobaki, akakiacha.

"Somo halikatwi katikati, madame. Endelea."

Akaendelea. Alimshika wa pili, wa tatu, wa kumi. Kila mkono alioushika aliujua kuwa ni mzima, na alijua alichokuwa akiupelekea. Alijaribu kushika kwa ncha za vidole. Inspekta akasema hapana, kiganja chote. Kufikia dawati la nne alikuwa analia bila sauti, na watoto, ambao hawakuwa wameona mwalimu akilia, walidhani ni jasho.

Alipata alama themanini na tisa kwa mia. Inspekta alisema mbele ya mkuu kwamba hajaona mkono kama huo mjini, akamtaka asaini kwa kalamu yake Mwanasiti mwenyewe, kisha akaitumbukiza karatasi ndani ya mfuko wa plastiki na kwenda kutazama kama gari lake limepata mafuta.

Bwana Jovithe alifurahi kweli kweli.

"Umeokoa shule, mama. Jina yako akuna mutu ataitoa tena. Na inspekteri ameshauri kitu: wale wa mchana, wa Epiphanie, nao awajui kuandika. Anasema uwapitie na wao, kila siku, saa moja tu. Nimeshawaita."

"Bwana Direkteri, mi nataka kwenda hospitali."

"Kesho. Kesho asubui nitakupa ruhusa, ninakuapia."

Mlangoni watoto wa zamu ya mchana walikwisha kupangwa mstari mmoja uliozunguka mpaka nyuma ya vyoo, mikono ya mashati imekunjwa. Mwanasiti alikuwa amesimama mbele yao alipopigwa teke kutoka ndani ya tumbo, la kwanza kabisa, dogo na la wazi. Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe kwenda kulipokea, ukasimama hewani, kiganja juu, mbali na tumbo. Mtoto wa kwanza kwenye mstari alidhani anaitwa. Akasogea, akaweka mkono wake ndani ya kiganja hicho.