Alama Nyekundu Kwenye Ukurasa wa Mwisho

Hakuna watu wanaonichosha kama hawa wanaodhani toleo jipya la programu huja na akili ndani yake. Mutaz alikuwa mmoja wao. Aliingia kwenye kiwanda chetu cha uchapaji hapa mtaa wa Faggala pamoja na dada yake Sausan, akanitupia flashi mezani kana kwamba ananivisha nishani. Ndani mlikuwa na kijitabu cha kumbukumbu ya baba yao. Arubaini ya mzee ilikuwa kesho yake baada ya alasiri, na wageni mia mbili walitakiwa kupewa nakala.

Nikabofya faili. Programu yangu ya kupanga kurasa ina miaka kumi na mitatu. Ikakataa, ikasema faili limetengenezwa na toleo jipya zaidi.

Mutaz akaangua kicheko. "Fundi Anis, kumbe bado unatumia hii? Si ungeipeleka makumbusho?"

"Imepanga vitabu vingi kuliko ulivyosoma, Bwana Mhandisi. Haya, toa laptopu yako, uhifadhi faili upya kwa ule muundo ambao matoleo ya zamani yanausoma."

"Utaniharibia kazi yangu!"

"Basi kesho wagawie wageni flashi."

Sausan alicheka, kisha akajizuia. Mtaa mzima unajua kwamba ndiye aliyemlisha mzee supu ya dengu kwa kijiko miaka saba, wakati huyu kaka yake akituma picha kutoka Dubai.

Mutaz akahifadhi huku akinung'unika. Faili likafunguka vizuri. Nikapitia kurasa moja moja hadi ya mwisho, yenye majina ya jamaa, kama tunavyoyapanga sisi: wana wa kiume na vyeo vyao, wajukuu, wakwe, hata yule kanali mstaafu ambaye hajawahi kukanyaga nyumba ile. Mabinti huja mwisho. Chini ya fremu ya maandishi, pembeni, palikuwa na kialama chekundu cha kujumlisha. Kwetu hicho maana yake ni kwamba kuna maneno yamekosa nafasi, na hayatachapwa.

Sausan alikuwa ameinama, akifuatisha majina kwa kidole kwenye kioo. Kidole kilifika chini, kikasimama.

"Mimi simo," alisema.

"Si programu yake hiyo ya kizamani!" Mutaz akadakia. "Nilisema mimi, mkanibishia!"

Nakiri niliingiwa na hofu. Toleo la zamani huweza kusukuma mstari mmoja chini, na dada wa watu alikuwa amebadilika uso. Nikamwambia Mutaz ageuze laptopu yake tuone.

"Ya nini? Kwangu iko sawa."

Sausan hakubishana naye. Aliigeuza mwenyewe, akashuka hadi ukurasa wa mwisho. Alama nyekundu ilikuwa pale pale, kwenye pembe ile ile. Fremu ilikuwa imekatwa chini, na kwenye nafasi iliyopatikana pameandikwa kwa herufi nene: "Usanifu: Mhandisi Mutaz Abdelmaula", pamoja na namba yake ya simu ya Dubai. Kwenye kumbukumbu ya baba yake mzazi!

"Nilipunguza kidogo tu, ukurasa upate kupumua," Mutaz alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Kwani nani husoma majina yote hayo?"

"Mimi nimesoma," Sausan akajibu.

Nilirudi kwenye mashine yangu ya makumbusho bila kumwomba mtu ruhusa. Nikafuta mstari wa mhandisi, nikaivuta fremu chini. Alama nyekundu ikapotea, na mstari ukatokea: "na binti yake, Sausan".

"Sasa jina langu je?" Mutaz akauliza.

"Limo mstari wa kwanza, kaka," Sausan alimwambia. "Hukusoma?" Kisha akanigeukia. "Chapa, fundi."