Gavana Ashuka Kichwani kwa Babu

Usiku wa kuamkia leo niliota niko uwanjani, mbele ya sanamu ya gavana, ile waliyosema ingehamishwa tukishapata uhuru. Gavana wa shaba alikuwa pale pale. Chini yake hapakuwa na jiwe. Alikuwapo babu yangu Ndalahwa, mpagazi aliyemleta kutoka stesheni, bado amembeba kichwani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Nyamizi. Sogea kule, mjukuu wangu, asije akakudondokea."

Hata hapo ananihurumia mimi.

"Mbona hujamtua?"

"Mpagazi hajitui mzigo. Huja mwenzake akampokea. Hajaja mtu."

Gavana anakohoa. "Barua ya kunihamisha haina muhuri."

Mara tuko ofisini. Barua yenyewe imepanga foleni tangu mwaka wa uhuru, imekunjamana, inajipepea kwa bahasha yake. Inasogea kwenye benchi nipate kukaa. Naishukuru.

Muhuri umelala mezani. "Sigongi bila idhini ya aliyebebwa," unasema. "Ndiyo kanuni."

"Basi kanuni nayo ibebe."

Naitoa kanuni kwenye faili, naitwisha gavana wake. Inatetemeka, inalia: "Bibi we, mimi karatasi tu!"

"Ndiyo ujue."

Tumerudi uwanjani, gavana yuko tena juu ya babu. Nasokota kanga yangu ngata, naiweka kichwani, nasimama mbele yao.

Gavana anacheka. "Kizee wewe, magoti yatakuvunjika."

"Ni yangu. Shuka."

"Nimeshapazoea hapa."

"Na babu alizoea kutembea. Shuka!"

Nikampokea. Kumbe ndani mtupu, mwepesi kama debe. Nikamtua vumbini, akasimama.

"Haya, baba, miguu unayo. Nenda."

Akauliza nani atamsindikiza. Nikamwonyesha njia kwa kidole. Akaenda, anajikwaa kila hatua, maana hakuwahi kutembea.

Babu akainua shingo polepole, akatazama juu. "Mbingu haijapungua," akasema. Kisha akanishika mkono. "Sasa nataka kulala, Nyamizi."

"Twende nyumbani."

Nikaamka kumekucha. Mkamwana wangu Nshoma alikuwa barazani na ufagio.

"Mama, nani kalala kwenye mkeka huu? Bado una joto."

"Usiukunje, mwanangu," nikamwambia. "Amekwenda kunawa uso."